Uzi: Kwenda Benin kwa pasipoti ya Tanzania. Viza huhitaji, lakini usije mikono mitupu

Mpingo_Mkavu

Wakuu salaam.

Kila baada ya wiki mbili mtu anauliza humu "viza ya Benin shilingi ngapi?" na majibu yanamiminika: mmoja anasema laki tatu, mwingine anasema mpaka uwe na mwenyeji waziri, wa tatu anasema kule hakuendeki. Wengi wa wanaojibu hawajafika hata Mutukula. Mimi nilikwenda Januari 2024, nikakaa siku kumi na mbili, nikarudi na akili zangu zote. Naandika mara moja, atakayeuliza tena mtamleta hapa.

Jibu la swali lenyewe ni fupi. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza ya Benin. Si Tanzania tu, ni nchi zote za Afrika. Unaingia, unagongewa muhuri, unaruhusiwa kukaa hadi siku 90. Na chanzo chake kipo hapa jirani: Agosti 2016 Rais Patrice Talon alikuwa ziarani Kigali, akaona Rwanda inavyowapokea Waafrika, akatangaza hukohuko kwamba na Benin itafanya vilevile. Ndiyo maana kwenye ripoti za Benki ya Maendeleo ya Afrika kuhusu uwazi wa viza utaikuta Benin juu kabisa pamoja na Rwanda, Gambia na Shelisheli.

Sasa hapo ndipo watu wanapofunga kompyuta na kwenda kukata tiketi. Subirini. Mimi aliyetaka kunizuia si Mbenin. Ni Mtanzania mwenzangu, pale pale Dar.

Saa tisa usiku, kaunta ya shirika la ndege ambalo sitalitaja. Dada amevaa vizuri, anatabasamu, anachukua pasipoti.

"Kaka, unakwenda wapi?"

"Benin."

Akabonyeza bonyeza. Tabasamu likapungua. "Viza yako iko wapi?"

"Haihitajiki, dada."

"Inahitajika, kaka. Hapa mfumo unaniambia Mtanzania lazima awe na viza."

Nikamwomba aangalie tena. Akaangalia tena, jibu lilelile. Nyuma yangu foleni imeanza kuguna, kuna mzee na maboksi yake manne ananisukuma kisogoni. Nikatoa karatasi nilizochapisha, hakuzitazama. Dakika ishirini hivi, jasho linanitoka na kiyoyozi kinavuma. Ikabidi aitwe msimamizi, baba mmoja wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Akainama kwenye kioo cha kompyuta, akakaa kimya kidogo, akasema: "Umemwekea Benin City. Hiyo iko Nigeria. Huyu anakwenda Cotonou."

Basi. Nikapewa kadi ya kupandia ndege na pole juu yake.

Kwa wasiojua: Benin City ni mji wa Nigeria, ndiko ulikokuwa ufalme wa kale wa Benin, wenye zile sanamu za shaba. Nchi ya Benin ni nyingine, iliitwa Dahomey mpaka Novemba 1975 ilipobadilisha jina. Kwa hiyo ukifika kaunta usitamke "Benin". Sema "Cotonou", ndio mji mkubwa wa Benin unakoshukia ndege. Neno hilo moja lingeniokolea dakika ishirini na shati.

Na msimkasirikie sana yule dada. Shirika likimpeleka abiria asiye na ruhusa ya kuingia, linapigwa faini na linambeba kumrudisha. Ndiyo maana wanauliza mfumo wao, na mfumo ukisema hapana, maneno yako ni hadithi. Dawa ni kufika mapema, na kuomba msimamizi kwa upole. Ukipandisha sauti umekwisha.

Wanachokuomba badala ya viza ni hivi: pasipoti iwe na miezi sita au zaidi kabla ya kuisha, tiketi ya kurudi, na mahali utakapofikia, iwe hoteli au barua ya mwenyeji. Mimi nilikuwa na barua ya rafiki yangu Mbenin niliyesoma naye China. Na cha mwisho, ambacho ndicho viza yenyewe kwa maoni yangu: kadi ya njano.

Kadi ya njano isikieni vizuri. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, kadi yako mbele ya mtu wa afya ni karatasi tu. Ukishachanjwa mara moja, inatosha maisha. WHO walibadilisha tangu Julai 2016, kwa hiyo hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali, usikubali mtu akuuzie nyingine. Na jina kwenye kadi lifanane na pasipoti. Mimi nesi alikuwa ameandika majina mawili na pasipoti ina matatu. Nikaona dogo. Nikarudi siku ya pili kuandikiwa upya kwa sababu mke wangu alinisumbua, na Mungu ambariki, maana Cotonou ndicho kitu cha kwanza walichoangalia.

Picha ilikuwa hivi. Unashuka, kabla hata hujamwona mtu wa uhamiaji, kuna meza. Mama mtu mzima, koti jeupe, amekaa kama hakimu. Anapokea kadi, anaifungua, kidole kinatembea: jina, tarehe, namba ya chanjo, muhuri. Anaigeuza nyuma. Anaifungua tena. Mbele yangu kuna kijana kadi yake ilikuwa mpya mno, wino wa muhuri umevuja, akawekwa pembeni kwenye benchi. Sikujua mwisho wake.

Akaniuliza kitu kwa Kifaransa. Kifaransa changu kinaishia bonjour. Nikampigia rafiki yangu aliyekuwa nje akinisubiri, nikampa mama simu. Wakaongea wao Kifaransa, halafu simu ikarudi kwangu rafiki akanieleza kwa Kichina, maana ndiyo lugha yetu mimi na yeye tangu chuo. Mama akanitazama mimi, akaitazama pasipoti ya Tanzania, akanitazama tena. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Alichokuwa anauliza ni nitakaa siku ngapi tu.

Uhamiaji wenyewe ilikuwa dakika tatu. Kidole, picha, muhuri, karibu.

Kosa langu mimi nililifanya baadaye. Nikaona ramani, Togo pale pale, nikasema nitapitia Lomé siku mbili. Si wote ni ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi? Tukaenda mpaka mpakani Hillacondji. ECOWAS ni kwa raia wao, wana makubaliano ya kutembeleana siku 90 bila viza tangu 1979. Wewe Mtanzania uko nje ya hesabu hiyo, kila nchi ina sheria yake juu yako. Wakati ule Togo walitaka mtu aombe mtandaoni siku kadhaa kabla. Afisa alinionyesha bango lenye anwani ya tovuti, kwa adabu kabisa, akanirudisha. Nikaenda kulala Grand-Popo, kijiji cha pwani hapo karibu, minazi na mawimbi makali. Sijutii, lakini hoteli ya Lomé nilishailipia.

Mengine kwa haraka. Pesa ni faranga ya CFA, imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 655.957 siku zote, kwa hiyo beba yuro kuliko dola, kichwa kitapumzika. Bodaboda zao wanaita zemidjan, madereva wa Cotonou wanavaa mashati ya njano. Petroli inauzwa barabarani kwenye chupa na madumu makubwa ya kioo, nyingi imevushwa kutoka Nigeria. Mara ya kwanza nilidhani ni mafuta ya kula. Malaria ipo kama kwetu, msijifanye wenyeji mkaacha chandarua.

Karibuni maswali.

---

Kijukuu_wa_Tanga

Nimekaa mstari wa mbele na kahawa yangu. Benin City imenimaliza 😂

---

MamaTwins_Tbt

Mkuu Mpingo, nimesoma nimekaa chini. Mimi nasafiri mwezi ujao, mkutano wa akina mama wa kanisa. Kuna wakala Kariakoo kanitoza 380,000 ya "viza ya Benin", akanitumia karatasi kwenye WhatsApp, ina bendera na picha yangu. Sasa nimefanyaje?

---

Mpingo_Mkavu

Pole sana dada yangu. Umepigwa. Kwanza mdai pesa yako. Pili, na hili ni muhimu kuliko pesa: hiyo karatasi usiionyeshe popote. Bila viza wewe ni msafiri halali. Ukitoa viza ya kughushi mbele ya afisa, umegeuka mtu mwenye nyaraka bandia, na hakuna atakayejali kwamba hukuihitaji.

---

Chambi_la_Kigoma

Mama Twins naomba uniwie radhi, lakini mtu unalipa karibu laki nne bila kuuliza hata mtoto wako aangalie mtandaoni?

---

MamaTwins_Tbt

Mwanangu, mtoto ndiye aliyenipeleka kwa huyo wakala.

---

WaMuscat

Assalaam aleikum. Mimi mama yangu wa Unguja, nimezaliwa Muscat, pasipoti yangu ya Oman. Hii ruhusa ya Waafrika inanihusu? Mke wangu ana pasipoti ya Tanzania.

---

Mpingo_Mkavu

Waaleikum salaam. Wanaangalia pasipoti unayoishika, damu hawaiulizi. Mkeo anaingia bure, wewe unaomba viza ya mtandaoni. Bei zake: yuro 50 ya siku 30 kuingia mara moja, yuro 75 ya siku 30 kuingia mara nyingi, yuro 100 ya siku 90 kuingia mara nyingi. Ombea kwenye tovuti ya serikali yao, anwani inaishia na gouv.bj. Nyingine zinazofanana nayo ni za akina wakala wa Mama Twins, ila hao wamevaa suti.

Na angalia: ukichukua ya kuingia mara moja, halafu mkavuka kwenda Togo au Nigeria hata kwa chakula cha mchana, ya kwako imekufa. Mkeo atarudi Cotonou, wewe utabaki ng'ambo unampungia mkono.

---

WaMuscat

Haha, usimpe mawazo. Ahsante sana.

---

Goma_Volkano

Bandugu, mimi ni mutu wa Goma, nilipita Douala kwanza kwa kazi, kisha nikaenda Cotonou. Nilikuwa na franga za Cameroun mfukoni, CFA pia, nikafikiri ni kitu kimoja. Kufika kule, dereva wa zemidjan anageuza noti, anaangalia, anairudisha. Muuza mkate pia. CFA ziko mbili! Ya Afrika ya Kati na ya Afrika ya Magharibi. Bei kwa yuro ni sawasawa, lakini noti ni tofauti na hakuna anayezipokea huku na huku. Usiku ule nililala bila kula vizuri mpaka asubuhi nikapata mtu wa kubadilisha, na alinikata.

Kitu kingine: kwa sisi wa Kongo kadi ya njano siyo mambo mapya, lakini safari ile walikuwa wakali kuliko Kinshasa.

---

Mpingo_Mkavu

Goma_Volkano, hilo la CFA mbili sikulijua. Mimi nilitoka Dar moja kwa moja na yuro.

---

Nesi_Asiyelala

Naongeza upande wa afya, maana ndiyo kazi yangu.

Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Siyo ya kila mtu. Mtoto chini ya miezi tisa, mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, mtu mwenye mzio mkali wa mayai, mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, na mzee wa miaka 60 kwenda juu anayechanjwa kwa mara ya kwanza: hawa wote waongee na daktari kwanza, wasiende kupanga foleni ya sindano. Daktari akiona haifai, anakuandikia cheti cha msamaha wa kitabibu, na kinatakiwa kigongwe muhuri kama kadi yenyewe. Lakini jueni nchi unayokwenda inaweza kukikubali au kukukatalia. Kama safari si ya lazima, ahirisha.

Na ninyi mnaonunua kadi bila kuchomwa sindano: mnadhani mnamkwepa yule mama wa koti jeupe. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuutibu, hospitali wanakutunza tu mwili upambane wenyewe. Halafu mkumbuke kurudi. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, Tanzania nayo inakudai kadi mlangoni, Bara na Zanzibar. Kwa hiyo kadi isikae kwenye begi la kupakia, ikae na pasipoti kwenda na kurudi.

---

Kijukuu_wa_Tanga

Nesi, mimi nilichanjwa 2011 nikienda Sudan Kusini. Kadi imeandikwa mwisho 2021.

---

Nesi_Asiyelala

Bado hai, maisha yako yote. Mtu akibisha mwambie kanuni ilibadilika 2016. Hakikisha tu inasomeka, kadi nyingi za zamani nimeziona zimeliwa na maji ya mvua.

---

Mwanza_Kitenge

Wakuu, mimi mfanyabiashara. Nataka nishuke Cotonou bila viza, nichukue vitenge soko la Dantokpa, kisha niingie Lagos kwa gari kupitia mpaka wa Seme. Nasikia ni karibu.

---

Mpingo_Mkavu

Ni karibu, kama Dar na Chalinze ukaongeza kidogo. Lakini Nigeria ni kesi nyingine. Zamani Waafrika walikuwa wanapewa viza wakifika, tangu Mei 2025 wamehamia viza ya mtandaoni, unaomba kabla. Usifike mpakani kuanza kujieleza.

---

Chalii_Mpakani

Na barabara ya Seme kuelekea Lagos ina vizuizi vya askari mpaka unachoka kuhesabu. Kila kizuizi pasipoti nje. Mimi nilipita na viza kamili na bado nilimaliza saa sita njiani. Mzigo kama mzigo, kaka, nunua Cotonou, safirisha kutoka Cotonou, Lagos nenda kwa ndege siku nyingine.

---

Mlokole_wa_Mbeya

Mimi nauliza tu. Mtoa mada alikwenda Januari, Januari ndiyo wana sikukuu ya uchawi. Ulikwenda kufanya nini?

---

Mpingo_Mkavu

Mkuu, nilikwenda kwenye harusi ya mdogo wake rafiki yangu, kanisani, tena Katoliki. Wakati ule tarehe 10 Januari ilikuwa sikukuu ya taifa ya Vodun, dini yao ya jadi, na mwaka ule serikali iliifanya kubwa, siku mbili pale Ouidah. Nikaenda, kwa nini nisiende? Ouidah ndiko walikopakiwa watu merikebuni wakapelekwa Brazil na Haiti, kuna njia ya mchanga unaitembea mpaka Mlango wa Kutokurudi, unaangalia bahari. Mimi wa pwani nimekulia karibu na Bagamoyo, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Na kwa taarifa yako, pale mjini kanisa kuu limetazamana na hekalu la chatu, barabara tu katikati. Niliwaona akina mama wanatoka misa wanapita mlangoni kwa chatu wanaongea bei ya nyanya.

Onyo moja la kweli ni kaskazini. Mbuga za Pendjari na W ziko mpakani na Burkina na Niger, huko kuna mashambulizi ya wanamgambo. Usidanganywe na picha za simba. Kaeni kusini: Cotonou, Ouidah, Abomey kwenye majumba ya wafalme, Ganvié kijiji cha juu ya maji.

---

Mlokole_wa_Mbeya

Sawa mkuu. Nilikuwa nauliza tu.

---

MamaTwins_Tbt

Naleta mrejesho, wanangu. Nimeandika nikiwa Cotonou, intaneti ya hoteli inakwenda kwa kusuasua.

Wakala amerudisha laki mbili, iliyobaki anasema "ilishakwenda ubalozini". Mwanangu anamfuatilia.

Dar nilifika saa nne kabla. Nikasema "Cotonou" kama alivyofundisha Mpingo, kijana wa kaunta akaangalia, akaniuliza kadi ya njano na tiketi ya kurudi, basi. Tulikuwa akina mama saba. Sita tumepita. Mwenzetu mmoja kadi yake ilikuwa ya siku nne tangu achanjwe, akaambiwa abadilishe tiketi. Amelia sana. Anakuja Alhamisi, siku kumi zitakuwa zimetimia, na nauli ya kubadilisha tumemchangia.

Huku mezani hatukumkuta mama, tulikuta kijana. Ameziangalia kadi zetu sita moja moja, polepole, ya kwangu akairudisha akasema "merci maman". Hivi kesho nikitaka kwenda huko Ganvié, boti mnapandia wapi?